Ujiji Ionekanavyo kutoka Katubuka

Apandaye miinuko ya Katubuka baada ya sala ya alfajiri, ukungu ukiwa bado haujaondoka ziwani, huuona mji mkongwe wa Ujiji umelala kati ya miembe na michikichi, na nyuma yake maji ya Tanganyika, na ng'ambo ya maji milima ya Kongo iliyo kama wingu. Na mtazamaji hana budi kuwakumbuka wapagazi wa Unyamwezi na wa Mrima ambao, baada ya safari ya miezi mingi kutoka Bagamoyo, walifika juu ya vilima hivi, wakaliona ziwa, wakapiga bunduki kuwaarifu wenyeji kwamba msafara umewasili.

Kabla ya misafara hiyo mji ulikuwa wa Wajiji, ndugu wa Waha, na soko lake lilikuwa la samaki, mawese na chumvi ya Uvinza. Wasafiri Burton na Speke, walipofika mwezi wa Februari 1858, waliwakuta watu wa pwani wamekwisha kutangulia. Katika hao aliyepata jaha kubwa ni Mwinyi Kheri, mtu wa Mrima, aliyekuwa liwali wa Ujiji zama za Seyyid Barghash na kufariki mwaka 1885. Na baada yake nguvu ikawa kwa Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aliyejulikana kwa lakabu ya Rumaliza. Biashara yao ilikuwa ya pembe, nayo ilikuwa vilevile ya wanadamu, waliovushwa ziwa kutoka Manyema wakiwa minyororoni. Na mwandishi wa tarehe akilinyamazia jambo hili amewadhulumu wafu, na amewadhulumu na wajukuu wao, ambao leo ndio wenyeji wa mitaa ya Ujiji.

Mwaka 1871 Stanley alishuka kutoka vilima hivi akimtafuta Livingstone. Salamu yake imeandikwa katika kila kitabu, lakini aliyetoka mbio kumlaki, kisha akarudi kumpa bwana wake habari, alikuwa Susi. Naye Susi pamoja na mwenzake Chuma ndio walioongoza jamaa waliouchukua mwili wa Livingstone mpaka Bagamoyo mwaka 1874. Mahali pa mwembe wa mkutano ule pana nguzo ya ukumbusho iliyojengwa mwaka 1927. Ya Mwinyi Kheri sikuiona.

Reli ilipofika mwaka 1914 ilikomea Kigoma, kwenye ghuba yenye kina, na bandari ikahama pamoja nayo. Ziwa nalo limerudi nyuma, hata pale penye nguzo hapasikiki tena wimbi.

Nawe msomaji wa Ujiji, uliyeachiwa na babu yako karatasi sandukuni, au unayejua nasaba ya mtaa wako mpaka Manyema au mpaka Mrima, nakusihi uiandike mwaka huu, wazee wangali hai wa kukusahihisha.