Ahadi ya Jahazini na Ahadi ya Simuni

Msikilizaji, juma hili napenda tuzungumze juu ya swali moja ambalo kila mwenye simu hana budi kujiuliza, awe yuko stendi ya Korogwe, Segera, Mkata au Chanika kule Handeni. Swali lenyewe ni hili: huyu anayezungumza nami ni nani hasa, na nitamjuaje?

Wengi hudhani swali hili limeletwa na intaneti, kwa sababu humo mtu hujipa jina alitakalo, akaweka picha ya nyumba asiyoijenga na gari asilolimiliki, akawa tajiri wa mchana kutwa. Lakini swali hili ni la zamani sana, na katika nchi yetu pengine hakuna mahali lilipolipiwa gharama kubwa kama Handeni. Ndiyo maana leo nimeonelea nizungumze historia, mambo ya mitambo nikiwaachia mafundi wake.

Katika miaka ya 1830 nchi ya Wazigua ilipigwa na ukame na njaa kali. Watu walikula mizizi, na chakula kilipokwisha kabisa waliteremka pwani, kwa kuwa pwani kulikuwa na nafaka na kulikuwa na vyombo. Wakati huo Seyyid Said alikwisha kuufanya Unguja kuwa kitovu cha biashara, na majahazi yalipita kutoka bandari za mwambao wetu hadi Barawa, Merka na Mogadishu. Kule Somalia, katika bonde la mto Shebelle, wenye mashamba walihitaji mikono ya kulima nafaka na pamba.

Yaliyotokea yanasimuliwa kwa namna mbili. Wako wanaosema kwamba wenye njaa walijiweka rehani wao wenyewe au watoto wao ili wapate chakula, na rehani ile haikukombolewa. Wako wanaosema, na hasa wazee wa Kizigula waliobaki Somalia, ambao masimulizi yao yalikusanywa na mtaalamu wa Kiitalia Francesca Declich, kwamba babu zao walidanganywa. Waliahidiwa kazi na chakula ng'ambo, kisha warudi makwao mvua zikinyesha. Wakapanda jahazi kwa miguu yao wenyewe, wakateremka wakiwa watumwa.

Hapa naomba tutulie kidogo. Ni rahisi kwetu sisi tulioshiba kusema kwamba watu wale walikuwa wajinga. Wahenga walikwisha kutujibu: mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Uongo ule ulifaulu kwa sababu tatu, na hakuna hata moja kati yake inayoitwa ujinga.

Sababu ya kwanza ni shida. Mwenye njaa hachagui mlango wa kubisha. Ya pili ni kwamba ndani ya uongo ule mlikuwamo ukweli nusu. Kazi ilikuwapo kweli, na chakula kilikuwapo kweli. Kilichofichwa ni masharti. Ya tatu, nayo ndiyo kubwa kuliko zote, ni kwamba nahodha hakuwa na mdhamini. Angekuwa mkwe wa mtu kijijini, au ana shamba pale, au mama yake amezikwa pale, angeogopa aibu na angeogopa kisasi. Lakini yeye alikuwa mtu wa kupita. Akishatweka tanga, hapana wa kumdai.

Msikilizaji, chukua sababu hizo tatu uzilinganishe na ujumbe unaoingia katika simu yako. Kuna kijana amemaliza shule, hana kazi. Kuna tangazo la kazi ya kompyuta, Thailand, mshahara mnono, nauli imelipwa. Aliyeandika ana jina zuri na picha nzuri, lakini hana kwao.

Sisemi habari ya kubuni. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa taarifa mwezi Agosti 2023 ikikadiria kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar, na wengine wapatao 100,000 nchini Kambodia, walikuwa wakishikiliwa katika majengo ambamo hulazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni. Wengi waliitwa kwa matangazo ya kazi. Miongoni mwao wamekuwamo vijana wa Kenya na Uganda, na serikali zao zimehangaika kuwarudisha. Na kazi waliyopewa huko, ukiisikia, utashika kichwa. Hukalishwa mbele ya kompyuta, wakapewa jina la uongo na picha ya uongo, wakaamriwa kumbembeleza mtu wa nchi nyingine kwa mapenzi au kwa biashara mpaka atoe akiba yake. Asiyetimiza kiwango hupigwa. Aliyedanganywa anageuzwa mdanganyifu. Hata nahodha wa mwaka ule wa njaa hakuwaza kuwafanya mateka wake wawe mawakala wake.

Turudi kwa ndugu zetu wa Shebelle. Hawakukaa kimya. Masimulizi yao yanamtaja mwanamke mmoja, Wanankhucha, aliyekuwa mganga na kiongozi, aliyewatoa utumwani na kuwaongoza kuelekea kusini wakiitafuta njia ya kwao. Hawakufika. Walipofika mto Juba waliweka makazi katika msitu, sehemu iliyoitwa Gosha, wakalima, wakajilinda, wakawapokea watoro wengine kutoka makabila mbalimbali.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba walitunza lugha. Kwa zaidi ya miaka 150, katikati ya Wasomali, wakiwa wamekwisha kushika dini ya Kiislamu na desturi nyingi za nchi ile, waliendelea kusema Kizigula nyumbani na kuwasimulia watoto wao kwamba kwao ni kusini. Hawakuwa na kitambulisho chenye picha. Walikuwa na ulimi tu.

Mwaka 1991 serikali ya Siad Barre ilipoanguka, vita vya wenyewe kwa wenyewe viliwakumba wakulima wa Juba vibaya sana, kwa kuwa walikuwa na chakula na hawakuwa na bunduki. Walikimbia. Wengi waliishia makambi ya Dadaab nchini Kenya. Wengine hawakutaka kusimama hapo. Walipita Mombasa, wakaja Tanga, nao wakawekwa Mkuyu, wilayani Handeni. Baadaye, mwaka 2003, yalianzishwa makazi ya Chogo, wilaya hiyo hiyo.

Fikiri hali ile. Mgeni anafika kutoka Somalia, amevaa Kisomali, ana jina la Kisomali, anasema, "Mimi ni ndugu yenu, nimerudi." Mwenyeji wa Handeni afanye nini? Angeweza kumfukuza. Angeweza pia kumkumbatia bila kuuliza lolote. Kilichowafungulia mlango ni kwamba mgeni aliposema, mwenyeji alimwelewa. Kizigua cha mgeni kilikuwa na maneno ya kizamani na maneno ya Kisomali ndani yake, lakini kilikuwa Kizigua. Lugha ya mama haijifunzwi kwa siku mbili ili kumlaghai mtu. Ni ushahidi uliolipiwa kwa vizazi. Wahenga walisema mkataa kwao mtumwa, na hawa waliofanywa watumwa hawakukataa kwao hata siku moja. Serikali yetu baadaye iliwapa wengi wao uraia wa Tanzania.

Kule Kenya mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Mwaka 1999 Marekani ilikubali kuwapokea Wabantu wa Somalia wapatao 12,000, nao walianza kuwasili huko mwaka 2003. Mara habari ilipoenea kwamba jina la Mbantu ni tiketi ya Amerika, wakatokea watu wengi wasio Wabantu waliolitaka jina hilo. Shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi likalazimika kuwahakiki upya waombaji mmoja mmoja. Jina lililokuwa la kudharauliwa jana, leo linaibwa. Ndivyo ilivyo kila mahali: panapokuwa na faida ya kuwa fulani, atazuka asiyekuwa fulani akajiita hivyo.

Msikilizaji, upande wa pili wa mto Pangani, wilayani Korogwe, kuna somo jingine. Pale Mazinde, kwenye njia ya misafara, ndipo alipokaa Semboja, mtoto wa Kimweri ye Nyumbai. Baada ya Kimweri kufa, mnamo mwaka 1862, ulizuka ugomvi wa ufalme, na watu wengi walitekwa wakauzwa. Aliyetuandikia mambo hayo kwa Kiswahili ni Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemy, katika kitabu chake Habari za Wakilindi, kilichoanza kuchapwa na wamisionari kule Magila mwishoni mwa karne ya 19, na kutolewa tena mwaka 1962.

Abdallah aliwahi kuwa mtu wa karibu wa Semboja. Kwa hiyo aliona mengi, na kwa sababu hiyo hiyo inafaa kumuuliza alikuwa amesimama upande gani alipokuwa akiona. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyetoa kitabu juu ya ufalme wa Wasambaa mwaka 1974, alifanya hivyo. Alimsoma Abdallah kwa heshima, kisha akapanda milimani kuwasikiliza wazee, akalinganisha. Kumhoji shahidi si kumtukana.

Kitabu kile kinasimulia pia habari za Mbegha, mwindaji aliyetoka Ngulu, nchi ambayo leo iko wilaya ya Kilindi, iliyokuwa zamani sehemu ya Handeni. Inasimuliwa kwamba aliota meno ya juu kwanza, akaitwa kigego, na ndugu zake wakamsingizia kila kifo kilichotokea. Akafukuzwa kwa uvumi. Alipofika Usambaa hakujitangaza kwa maneno. Aliwinda nguruwe walioharibu mashamba, akawagawia watu nyama, akaamua kesi zao. Wasambaa walimpima kwa matendo, wakamfanya mfalme. Ndugu zake waliopima kwa uvumi walimpoteza.

Nayataja hayo kwa sababu kuna hatari mbili, wala si moja. Hatari ya kwanza ni kumwamini mgeni mwongo, kama ilivyokuwa jahazini. Ya pili ni kumkataa mgeni mkweli, na hiyo huua upesi zaidi. Kamusi ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1939 inalitaja neno mumiani, na inaeleza jinsi watu walivyoogopa kutoka nje usiku kila uvumi ulipozuka kwamba damu inatafutwa. Hiyo ilikuwa zamani. Lakini mwezi Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, mkoa wa Dodoma, watafiti wawili wa kilimo na dereva wao, waliotoka Arusha kuchukua sampuli za udongo, waliuawa na gari lao likachomwa, kwa kuwa ilisemwa kwamba ni wanyonya damu. Hakuna aliyetulia akauliza kwa ofisa yeyote. Neno lilikimbia kuliko akili.

Nchini India mwaka 2018 neno la namna hiyo hiyo, habari za wezi wa watoto, lilisambazwa kwa WhatsApp, na watu wasio na hatia wakauawa barabarani. Kampuni ilipunguza idadi ya watu unaoweza kuwapelekea ujumbe kwa mara moja hadi watano, kwanza India, kisha dunia nzima mwaka 2019. Ni hatua nzuri, lakini mitambo haiwezi kukupa dhamiri.

Sheria nazo zipo. Tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayokataza kujifanya mtu mwingine. Tulisajili laini zetu kwa alama za vidole, na tarehe 20 Januari 2020 ikawa mwisho wa zile zisizosajiliwa. Hata hivyo bado watu hupokea ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii". Alama ya kidole hutaja mwenye laini. Haitaji kama asemalo ni kweli.

Tufanye nini basi? Katika chumba cha habari nilichoanzia kazi, tangazo la kifo halikusomwa hewani mpaka tumezungumza na mtu wa pili anayeifahamu familia. Wasikilizaji walinung'unika kwamba tunachelewa. Lakini hatukumzika mtu aliye hai.

Nawashauri wasikilizaji utaratibu huo huo. Ukiletewa ahadi, tafuta mdhamini: ni nani hapa kwetu anamjua mtu huyu, na nikidhulumiwa nitamdai nani? Ukikosa jibu, jua kwamba nahodha yuko tayari kutweka tanga. Ukiletewa shutuma juu ya mtu, mpe nafasi ya kusema kwa kinywa chake kabla hujaipeleka mbele. Na aliyekwisha kutapeliwa tusimcheke. Kicheko chetu ndicho kinachomfanya anyamaze, na kimya chake humpa tapeli wateja wengine kijiji cha pili.

Nasi wenyewe tuache kujivika majina na mali zisizo zetu mbele ya watu tusiowajua. Watu wa Chogo walipoteza nchi, mali na uhuru, wakabaki na lugha yao, na hiyo ndiyo iliyowarudisha nyumbani. Kwa leo naishia hapo.