Sauti si alama ya kidole

Majuzi nilipigia simu benki moja. Mashine ikanitaka nitamke sentensi niliyosajili mwaka jana ili initambue. Mafua yalikuwa yamenibana. Nilitamka mara tatu, nayo ikanikana mara tatu. Jioni nikampigia mama. Nilisema "haloo" tu, akaniuliza, "Umekunywa dawa?"

Mbona mashine ishindwe na jambo ambalo mama analiweza? Kwa maoni yangu, tatizo lilianza na sitiari. Mnamo 1962, Lawrence Kersta, mtafiti wa Maabara ya Bell nchini Marekani, aliandika katika jarida la Nature kuhusu michoro ya sauti. Mashine ya kuichora ilikuwa imebuniwa maabarani humo katika miaka ya 1940. Kersta aliilinganisha na alama za vidole, akadai kwamba waliofunzwa kuisoma walipatia zaidi ya mara 99 kwa 100. Baadhi ya mahakama za huko zikaikubali kama ushahidi.

Lakini kidole ni kidole, hata ukiwa na homa. Sauti hubadilika kwa ugonjwa, umri, hasira na hata aina ya simu. Mnamo 1979, jopo la wanasayansi wa Marekani lilitahadharisha kuwa usahihi wa mbinu hiyo hutegemea sana mazingira, hivyo mahakama ziwe macho.

Haya basi, mambo yalitengenea vipi? Wataalamu walipunguza majigambo, wakaongeza vipimo. Tangu 1996, taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, imekuwa ikizishindanisha programu kwa rekodi zilezile. Mnamo 2000, Douglas Reynolds na wenzake walieleza mfumo ambao hauulizi tu iwapo sauti inafanana na ya Juma. Huuliza pia inafanana kiasi gani na sauti za watu wengine. Msemaji akiwa na lafudhi ya pwani, hilo pekee halithibitishi kuwa ni Juma. Wenye lafudhi hiyo ni wengi!

Mama amenisikia nikiwa mzima, mgonjwa, hata nikilia. Mashine ilinisikia siku moja tu. Isitoshe, majaribio ya awali yalitegemea zaidi Kiingereza cha Marekani. Kwa hivyo, kabla hatujamfunga mtu kwa ushahidi wa mashine, tuiulize kwanza: wewe umewasikiliza akina nani?