Pamba ya Uganda: Nani Alipanga Bei?

Watoto wetu hufundishwa shuleni kuwa mazao ya biashara yalileta fedha vijijini. Ni kweli, yalileta. Lakini mzee aliyelima pamba miaka 30 akafa katika nyumba ileile ya udongo hakuwa mvivu. Tuangalie mambo yalivyokwenda Uganda.

Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliweka kodi ya rupia 3 kwa kila nyumba kwa mwaka. Mkulima alikuwa na ndizi, hakuwa na rupia. Mwaka 1901 reli ilifika Kisumu, na mwaka 1903 Kampuni ya Uganda, iliyoanzishwa na watu wa misheni ya Kianglikana, ikaanza kuleta mbegu za pamba. Machifu wakazigawa kwa raia wao. Viwanda vya nguo vya Uingereza vilitaka pamba, serikali ilitaka kodi, basi watu wakalima.

Mwaka 1908 ikatoka sheria: ilimwe aina moja tu ya mbegu, na mashine ndogo za mkono za kuchambulia pamba ziondolewe. Sababu iliyotolewa ni ubora, na si uongo, maana mbegu zilikuwa zimechanganyika. Lakini hapa ndipo mambo yalipogeuka. Kuanzia hapo mwanakijiji aliuza pamba ghafi, na kazi ya kutenganisha nyuzi na mbegu, yenye faida yake, ikabaki kwa wenye viwanda, Wazungu na baadaye zaidi Wahindi. Wenye viwanda hao walikuja kuungana na kukubaliana bei. Mkulima amebeba mzigo kichwani tangu alfajiri. Akiikataa bei, ataurudisha wapi? Na malalamiko kuhusu mizani yalikuwa mengi. Sisi tunaosoma Suratul Mutaffifin tunajua kosa hilo lina uzito gani.

Nyumbani nako palikuwa na mdai mwingine. Katika Buganda mwenye ardhi alidai envujo, yaani fungu la mazao, na pamba ilipopanda thamani madai nayo yakapanda, mpaka sheria ya mwaka 1928 ikayawekea kikomo.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia serikali ndiyo iliyosimamia ununuzi. Bei ya nje ilipopanda, mkulima hakulipwa yote. Tofauti iliwekwa katika mfuko, ikaelezwa kuwa ni akiba ya siku bei itakaposhuka. Sehemu kubwa ikaishia kwenye mipango ya serikali. Aprili 1949 ghasia zikalipuka Buganda, na miongoni mwa madai ni wakulima kuruhusiwa kuchambua pamba yao na kuiuza nje wenyewe. Mwaka huohuo ikaundwa bodi ya serikali ya kuuza pamba! Vyama vya ushirika vilifunguliwa mlango wa kumiliki viwanda kuanzia 1952, chini ya Gavana Andrew Cohen.

Msimu wa 1969/70 Uganda ilitoa marobota zaidi ya 400,000. Kisha Idi Amin akawafukuza Waasia mwaka 1972, viwanda vikachakaa, na bodi ikawa inachelewesha malipo, pengine ikimpa mkulima karatasi ya ahadi badala ya fedha. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 mavuno hayakufika hata marobota 20,000 kwa msimu. Wakulima wengi walikuwa wameshapanda mahindi na maharage, ambayo mnunuzi asipokuja, watoto watakula.