Merikebu Iliyolala Chini ya Ngome

Mhariri wa jarida letu ameniomba niwaandikie wazee wenzangu, na vijana walio bado madarasani, habari za kuzamia baharini. Nimechagua merikebu moja tu, Santo António de Tanná, iliyolala mbele ya Fort Jesus, Mombasa, katika kina kisichozidi mita 20.

Manowari hiyo ya Kireno iliundwa Bassein, Bara Hindi, mwaka 1681. Machi 1696 Waarabu wa Oman waliizingira ngome, na merikebu ikatumwa kutoka Goa kuleta msaada. Oktoba 1697 ikazama pale pale karibu na kuta. Ngome ilianguka Desemba 1698.

Sisi tulifundishwa vita hivyo kama ugomvi wa Wareno na Waarabu, basi. Kumbe mwaka huo wa 1697 maradhi yaliwamaliza karibu Wareno wote waliokuwa ndani, hata ulinzi ukamwangukia Bwana Daud wa Faza, jamaa zake, wanaume wachache wa Kiafrika na wanawake wapatao 50. Ndio waliokesha juu ya kuta mpaka msaada ulipofika Septemba. Wala tusiwavike kilemba kisicho chao. Faza ilikuwa na uadui wa siku nyingi na Pate, na Pate ilielemea upande wa Oman. Waswahili walikuwa pande zote mbili, kila mji na hesabu zake. Lakini sikumbuki mtihani hata mmoja uliotuuliza habari za wanawake wale.

Merikebu iligunduliwa na wazamiaji wa kujifurahisha katika miaka ya 1960. Kati ya 1977 na 1980 Makumbusho ya Taifa ya Kenya yalishirikiana na Institute of Nautical Archaeology ya Marekani kuichimba, kazi ikiongozwa na Robin Piercy.

Msidhani kuwa maji ya joto lazima yawe maangavu. Nimezamia katika mlango huo wa bahari. Maji yakianza kupwa mkondo huvuta, na tope likitibuka huioni saa iliyo mkononi mwako. Tena dakika zina hesabu, maana mgandamizo wa maji huingiza naitrojeni mwilini, na mwenye kupanda kwa pupa hudhurika. Wachimbaji walifyonza tope kwa bomba, wakapima mbao moja moja. Nalo tope hilo linalotukera ndilo lililoihifadhi merikebu: mbao zilizofukiwa hazikufikiwa na wadudu wa bahari, bali zile zilizobaki wazi ziliisha. Zikapatikana kapi, kamba, vyungu na vyombo vya kaure vya Kichina.

Vijana huniuliza kwa nini haikupandishwa nzima. Mbao zilizolowa karibu miaka 300 zikikauka ghafla hunywea na kupasuka. Kuziokoa kunataka matangi makubwa, dawa, na miaka mingi ya gharama. Kwa hiyo, baada ya kupimwa, ilifukiwa tena. Mimi naona walifanya vyema. Vitu vilivyotolewa vilipelekwa katika makumbusho yaliyo ndani ya ngome ile ile, na hufika huko wanafunzi wengi kila mwaka. Mkienda, muulizeni mwenye kuwatembeza habari za Bwana Daud na za wanawake wale kabla hajawapeleka kwenye mizinga.