Justinian Tamusuza, Mtungaji wa Uganda

Wako wanakwaya kwetu Goma wanaodhani kwamba mtu akijua nota za Ulaya hana budi kuiacha ngoma ya kwao. Basi tuwape habari za jirani yetu wa Uganda, Justinian Tamusuza, aliyezaliwa mwaka 1951. Alisoma utunzi Belfast, akapata udaktari Marekani, akafundisha Makerere. Mwaka 1988 alitunga "Mu Kkubo Ery'Omusaalaba", yaani Katika Njia ya Msalaba, kwa vinanda vinne vya nyuzi. Wamarekani wa Kronos Quartet waliipiga sehemu ya kwanza katika santuri yao ya mwaka 1992, Pieces of Africa. Vinanda ni vya Ulaya, mapigo ni ya Buganda. Tujifunze nota kwa bidii, wala tusiionee haya ngoma ya babu zetu: huyu aliyesoma mbali hakuiacha.