Asiyejua maana ya herufi za mkato na aambiwe

JUZI niliketi kando ya mwanafunzi wangu wa isimu anayejifunza kuandika programu za tarakilishi ili achanganue matini za Kiswahili. Alikuwa amefungua faili kumi na kitu, naye akawa anaruka kutoka moja hadi nyingine bila kugusa kipanya. Nikamuuliza, “Mbona herufi hiyo na si nyingine?” Akacheka. “Prof, hiyo ni ya kukariri tu.”

Jibu hilo lilinikera kidogo, kwa sababu kila herufi ya mkato ina asili yake.

Turudi mwaka wa 1976. Katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Bill Joy aliunda programu ya kuhariri iitwayo vi. Mashine aliyoitumia, ADM-3A, haikuwa na vitufe vya mishale. Mishale ilichorwa juu ya H, J, K na L, naye akazifanya herufi hizo kuwa za kwenda kushoto, chini, juu na kulia. Mawasiliano na tarakilishi kuu yalikuwa ya mwendo wa kobe, kwa hivyo amri fupi ilikuwa lazima, si urembo.

Kuhama faili katika vi kulifuata mkondo huo. Uliandika nukta mbili, herufi e, kisha alama ya #. Herufi e ilitokana na “edit”, yaani hariri. # Iliwakilisha faili uliyotoka. Vi ya awali ilishika faili moja tu kwa wakati, hivyo ilikubidi uhifadhi kazi yako kwanza ndipo uondoke.

Mwaka uo huo, katika taasisi ya MIT, Richard Stallman na Guy Steele walianzisha Emacs. Hii ilikuja kuwazoesha watu kufungua faili nyingi kwa pamoja. Kuhama, unabonyeza Control na X, kisha B. Herufi B ni ya “buffer”, sehemu ya kumbukumbu inayoshikilia matini unayohariri.

Leo kwenye Visual Studio Code, iliyotangazwa 2015, unabonyeza Control na P, unaandika herufi chache za jina la faili, nayo inajitokeza. Katika programu nyingine nyingi P hiyo hiyo huchapisha karatasi! Herufi na maana zimeshaachana.

Mwanaisimu hashangai. Ferdinand de Saussure alitufundisha kwamba uhusiano wa neno na maana yake ni wa nasibu. Sisi husema “meza” na “leso” bila kuwakumbuka Wareno waliotuachia maneno hayo. Mbona basi nilalamike?

Nalalamika kwa sababu mtoto wetu hulipata neno “leso” mgongoni mwa mamake. B ya “buffer” huipata kitabuni, na kitabu chenyewe hudhani kwamba Kiingereza kitamfafanulia. Aliyezaliwa na Kiingereza hupewa kidokezo bure. Wetu hulipia kwa kukariri, na akisahau, hudhani kichwa chake ni kizito. Wapo wanaoacha somo hili kwa dhana hiyo tu.

Sisemi tubadilishe herufi. Mikono ya watu wengi duniani imeshazizoea, na anayezibadilisha atabaki kisiwani peke yake. Ninachodai ni kidogo: mwalimu anapofundisha mkato, autaje kwa Kiswahili kulingana na kazi yake, kama vile “rudi faili uliyotoka” au “tafuta faili kwa jina”, kisha asimulie herufi ilikotoka. Ni kazi ya dakika mbili.

Wahenga walinena kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Darasani, jamani, methali hiyo haifai. Asiyejua aambiwe. Mwanafunzi wangu nilimwambia, na wiki hii alikuja kuniuliza X nayo ilitoka wapi.