Kimea, Mvuke na Sheria: Historia Fupi ya Chang'aa Jijini Nairobi

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika historia ya chang'aa jijini Nairobi, ufundi haukubadilika sana. Kilichobadilika ni jina, ambalo lilipanuka hata likaficha hatari.

Tuanze na ufundi wenyewe. Wimbi hulowekwa, huachwa lichipue, kisha huanikwa na kusagwa. Hicho ndicho kimea. Unga wa mahindi nao hukandwa kwa maji, huachwa siku kadhaa uchachuke, halafu hukaangwa juu ya bati hadi uwe wa hudhurungi. Vyote viwili vikichanganywa majini, kimea hugeuza wanga kuwa sukari, na chachu hugeuza sukari kuwa kileo. Hiyo ni busaa. Ikiinjikwa motoni, kileo hutangulia kupaa, kwani huchemka kwa nyuzi 78 za Selsiasi ilhali maji hungoja 100; mvuke ukigusa chombo chenye maji baridi hurudi kuwa matone. Huko ndiko kukeneka. Waskoti hufuata njia iyo hiyo kwa shayiri, ila wao huilaza wiski katika mapipa ya mwaloni miaka isiyopungua mitatu.

Ukoloni ndio uliozitenga pombe hizi. Katika Hoteli ya Norfolk, iliyofunguliwa mwaka 1904, Mzungu alistarehe na wiski yake. Mwafrika, kwa miongo mingi, alikatazwa na sheria pombe zote zilizokenekwa. Wakati huohuo huko Kibera, makazi ya askari Wanubi wa King's African Rifles, wanawake walikeneka pombe iliyojulikana kama Nubian gin, wakapata riziki kwayo.

Uhuru haukuondoa katazo. Mwaka 1980 Bunge lilipitisha Sheria ya Kupiga Marufuku Chang'aa, na neno la mtaani likapanda hadi kuwa jina la sheria. Kangemi na Kawangware upikaji haukukoma, ulijificha tu. Palipokosekana ukaguzi, wauzaji wengine jijini walitia methanoli ya viwandani. Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa katika mitaa ya Mukuru kwa kunywa kumikumi iliyotiwa sumu hiyo. Sheria ya mwaka 2010 iliondoa katazo la 1980, ikaruhusu pombe hiyo kwa leseni na katika chupa zilizofungwa.

Basi ni dhahiri kwamba sumu ile haikutoka katika kimea. Hata hivyo, aghalabu pombe ya nafaka na mchanganyiko wa kemikali huitwa chang'aa bila kubagua. Hapa ndipo wanaisimu tunapohusika. Wapikaji wanayo maneno ya kila hatua ya kazi yao, nasi hatujayakusanya ipasavyo, pengine kwa kuona haya. Lugha inayokiita kinywaji na sumu kwa jina moja haimsaidii mnunuzi kujihadhari.